Mbio za Hisani Parokiani: Zipangwe kwa Kumkumbuka Mkimbiaji wa Mwisho

Katika miaka ya karibuni mbio za hisani zimeingia katika kalenda ya majimbo, parokia na taasisi zetu nyingi. Parokia moja hukimbia ili kupaua zahanati, nyingine ili kujenga bweni la wasichana, na nyingine ili kulipia matibabu ya wagonjwa wasio na uwezo. Mbio za Kilimanjaro Marathon, zilizoanzishwa mjini Moshi mwaka 2003, ziliwazoesha Watanzania wengi kuona watu wa kawaida wakikimbia barabara moja na wanariadha mahiri. Leo hata parokia ya kijijini inaweza kuwaza jambo hilo bila kuonekana inaota ndoto.

Hata hivyo, furaha ya saa tatu hutegemea kazi ya miezi mingi. Mbio zilizoandaliwa ovyo zinaweza kugharimu afya, hata uhai wa mtu, na zinaweza kuwavunja moyo waamini waliotoa fedha zao bila kuambiwa zilikwenda wapi. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuandaa mbio za jumuiya kwa usalama, haki na uwazi. Tunaongozwa na wazo moja: kila uamuzi wa kamati upimwe kwa kumwangalia mtu atakayefika wa mwisho.

Kwa nini mtu wa mwisho?

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Michezo ya Olimpiki jijini Mexico, Mtanzania John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka na kuumia vibaya goti. Alifungwa bendeji, akaendelea. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, walimaliza 57, naye alikuwa wa 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda kwa muda wa saa 2 na dakika 20. Akhwari alivuka mstari kwa muda wa saa 3 na dakika 25, watazamaji wengi wakiwa wamekwisha kuondoka uwanjani.

Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama fundisho la uvumilivu, na ni haki kitajwe hivyo. Lakini kina fundisho la pili kwa wanaoandaa mbio. Muda wa Akhwari tunaujua leo kwa sababu mwamuzi fulani alikuwa bado amekaa na saa yake mkononi, zaidi ya saa moja baada ya mshindi kupita. Kama wahusika wangekuwa wamekunja meza na kwenda zao, ushujaa huo ungekosa hata mstari mmoja katika kumbukumbu.

Katika mbio za parokia, wa mwisho ni mama wa miaka 60 aliyelipa ada kwa fedha za mboga, kijana mzito wa mwili anayejaribu kwa mara ya kwanza, au mtu anayetembea kwa sababu mguu wake hauruhusu zaidi. Huyo ndiye anayekaa juani muda mrefu kuliko wote na ndiye anayehitaji maji zaidi, ilhali ndiye anayekuta madumu yameisha na barabara imefunguliwa kwa magari. Mbio zinazomlinda huyo zitawalinda wote waliomtangulia.

Kanisa nalo limesema wazi juu ya michezo. Tarehe 1 Juni 2018, Baraza la Kipapa la Walei, Familia na Maisha lilitoa hati inayoitazama michezo kama mahali pa kukutana na kulelewa, na kuonya dhidi ya rushwa na matumizi ya dawa za kuongeza nguvu. Katika Jubilei ya Wanamichezo, mwezi Juni 2025, Baba Mtakatifu Leo XIV aligusia thamani ya michezo katika kumfundisha mwanadamu hata kushindwa, katika jamii inayowathamini washindi peke yao. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho kwa mfano wa mbio, aliwaandikia watu waliojua vizuri anachokisema, kwa kuwa michezo ya Isthmia ilifanyika karibu na mji wao kila baada ya miaka miwili.

Kusudi, tarehe na kamati

Kazi ianze kwa sentensi moja iliyoandikwa: tunakimbia kwa ajili ya nini, na tunahitaji kiasi gani. Kusudi lililo wazi, kama vile vitanda 20 vya wodi ya wazazi, huwavuta watu kuliko maneno ya jumla kama "maendeleo ya parokia". Tena hurahisisha kutoa hesabu baadaye, kwa kuwa vitanda vinahesabika.

Muda wa maandalizi usipungue miezi sita. Wakimbiaji wapya nao wanahitaji taarifa mapema, walau wiki 10, ili waanze mazoezi taratibu. Tarehe ikwepe msimu wa mvua kubwa, mitihani ya taifa na siku ya gulio. Jumapili inagongana na Misa, na pia na ibada za majirani zetu wanaohitaji barabara hiyohiyo. Jumamosi ni siku ya ibada ya Wasabato. Kwa hiyo, kabla ya kutangaza, ni adabu njema kuzungumza na viongozi wa madhehebu na misikiti iliyo kando ya njia. Mara nyingi majirani hao ndio watakaoleta wakimbiaji.

Kamati iwe ndogo na kila mmoja ajue kazi yake: njia na usalama, afya, usajili, fedha, maji na usafi, matangazo. Juu yao awepo mkurugenzi mmoja wa mbio, mwenye mamlaka ya kuamua siku hiyo, pamoja na mamlaka ya kusimamisha au kuahirisha mbio mvua ya radi inapotokea. Vyama vyetu vya kitume vina watu wa kutosha: VIWAWA wanaweza kusimama njia panda, WAWATA wakasimamia vituo vya maji, UWAKA wakashughulikia jukwaa, kamba na usafirishaji, na kila Jumuiya Ndogo Ndogo ikapewa kilometa moja ya kuitunza. Mtu aliyepewa kilometa yake huifagia, huifukia mashimo na huwashangilia wapitao.

Vibali visiachwe hadi wiki ya mwisho. Kamati ianze kwa serikali ya kijiji au mtaa na mtendaji wa kata, iende kwa afisa michezo wa halmashauri, chama cha riadha cha mkoa, na polisi wa usalama barabarani. Ikumbukwe kwamba barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS, na za wilaya na mitaa na TARURA; njia moja ya kilometa 10 inaweza kupita katika mikono ya wote wawili. Barua zote ziwe na mchoro wa njia, saa ya kuanza, saa ya kufungua barabara, na simu ya mhusika.

Njia na kipimo chake

Njia nzuri huanzia na kuishia mahali pamoja, kwa mfano uwanja wa shule au wa kanisa, ili vyoo, mizigo na huduma za afya viwe sehemu moja. Mahali pa kuanzia pawe papana, kwa sababu umati unaobanwa katika lango dogo huangushana. Njia isikatize reli wala stendi ya mabasi, na ipunguze kuvuka barabara ya lami. Kama hakuna budi kuvuka, basi ivukwe mahali pamoja tu, mbele ya askari.

Umbali uliotangazwa uwe wa kweli. Watu wengi hupima kwa mita ya gari au kwa simu, na vyote viwili hukosea kwa makumi ya mita, hata zaidi penye kona na miti. Njia inayokubalika duniani ni ya baiskeli iliyosawazishwa. Kwanza hupimwa kwa futikamba ya chuma kipande kilichonyooka cha mita 300 au zaidi. Baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu la mbele huendeshwa hapo mara nne, ili ijulikane mizunguko mingapi hufanya kilometa moja. Kisha huendeshwa njia nzima kwa mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita, sentimita 30 kutoka ukingo wa barabara kwenye kona. Mwishoni hurudishwa kwenye kile kipande cha kwanza, kwa kuwa joto hubadili upepo wa tairi na hivyo hubadili hesabu. Juu ya hayo huongezwa mita 1 kwa kila kilometa, ili njia isije ikapungua. Hivyo mbio za kilometa 10 hupimwa mita 10,010.

Parokia isiyotafuta rekodi inaweza kuomba chama cha riadha kiisaidie kupima, au ikasema kwa unyofu kwamba umbali ni wa makadirio. Kijana aliyefanya mazoezi miezi mitatu anastahili kujua kama kilometa alizokimbia ni 10 au 9.

Joto, maji na huduma ya kwanza

Hatari kubwa katika nchi yetu ni joto. Dawa yake ya kwanza ni saa ya kuanza: saa 12 na nusu asubuhi, kabla jua halijapanda. Hapa tunaomba tuseme jambo ambalo wengi hulijua lakini huona haya kulisema. Mbio nyingi hucheleweshwa na hotuba, au na kumsubiri mgeni rasmi. Kila dakika 30 za kusubiri, mkimbiaji wa kwanza hazimdhuru sana. Wa mwisho ndiye anayezilipa saa 3 asubuhi, jua likiwa kali. Mgeni rasmi apewe heshima yake kwa kukabidhi zawadi na kuhutubia baada ya mbio. Filimbi ipigwe kwa saa iliyotangazwa.

Maji yahesabiwe, yasikisiwe. Tuchukue mfano wa wakimbiaji 500 wa kilometa 10, vituo vitatu njiani, mililita 200 kwa kila mtu kwa kila kituo, na nusu lita mwishoni. Njiani zitahitajika lita 300, mwishoni lita 250, jumla lita 550. Ikiongezwa robo kwa dharura, tunapata takribani lita 700. Kila kituo kitenge maji ya watu 50 wa mwisho katika madumu yasiyoguswa hadi wao wafike. Wakimbiaji waelezwe kunywa kadiri ya kiu. Kunywa maji mengi kupita kiasi nako hupunguza chumvi mwilini na kunaweza kuleta hatari.

Wahudumu wa afya wafahamu dalili ya mtu aliyezidiwa na joto: anayumba, anaongea maneno yasiyoeleweka, au anapoteza fahamu. Joto la ndani ya mwili wake linaweza kupita nyuzi 40 za Selsiasi, hata kama ngozi bado ina jasho. Huyo hupoozwa kwanza, kisha husafirishwa. Alazwe kivulini, avuliwe nguo za juu, atumbukizwe hadi kifuani katika bafu au pipa lililokatwa lenye maji baridi, huku akishikwa kichwa kisizame. Pasipo chombo hicho, amwagiwe maji baridi mfululizo na kupepewa. Dakika 30 za mwanzo ndizo zinazoamua, na kumpakia garini akiwa bado anaungua ni kuzipoteza.

Akianguka mtu asiyejibu na asiyepumua kawaida, kazi ya kukandamiza kifua ianze hapohapo, katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakati mwingine anaita gari la wagonjwa. Chama cha Msalaba Mwekundu hufundisha jambo hili, na wiki chache kabla ya mbio wasimamizi wote wa njia wafundishwe. Gari la wagonjwa liwe na njia yake ya kutokea, isiyozibwa na wakimbiaji wala magari ya wageni. Nyuma ya kila namba ya kifuani iandikwe simu ya ndugu na ugonjwa ambao mtu anao.

Kuhusu watoto, wawe na mbio zao fupi za kilometa 1 au 2, kwa idhini ya maandishi ya mzazi. Mwishoni mtoto akabidhiwe kwa mtu mwenye namba inayolingana na yake, asiachwe kupotelea katika umati. Picha zao zisitangazwe bila ruhusa.

Fedha na fulana

Hapa ndipo mbio nyingi za hisani hukosa hisani. Tutoe mfano wa hesabu. Tuseme ada ni shilingi 20,000. Gharama ya kila mkimbiaji ni shilingi 14,000: fulana 9,000, na namba, maji na medali 5,000. Zinabaki 6,000. Tuseme tena kwamba gharama zisizobadilika, yaani jukwaa, kipaza sauti, gari la wagonjwa, ulinzi na matangazo, ni shilingi 2,400,000. Watahitajika wakimbiaji 400 kabla shilingi ya kwanza haijafika kwenye wodi ya wazazi. Mkimbiaji wa 399 anaondoka akiamini amechangia kitanda, kumbe amechangia fulana na spika.

Tukiiondoa fulana katika ada na kuiuza pembeni kwa anayeitaka, kila mkimbiaji wa ada ileile anabakiza shilingi 15,000, na gharama hizo hulipwa na watu 160. Kila anayefuata ni wa kusudi lenyewe. Tena parokia inaweza kuweka ada ya shilingi 5,000 kwa wanafunzi na wasio na uwezo, nao hawatailetea hasara. Mbio zinazomfungia nje maskini zinapochangisha kwa ajili ya maskini zina jambo la kujiuliza.

Fedha zote zipitie akaunti ya parokia au namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la parokia, kamwe zisipitie simu ya mtu binafsi. Anayepokea asiwe ndiye anayeidhinisha matumizi, na kila malipo yawe na risiti. Wadhamini wakaribishwe kwa mkataba wa maandishi, nayo kamati iamue mapema ni biashara zipi jina lake haliwezi kukaa kifuani mwa vijana wetu. Ndani ya siku 30 baada ya mbio, hesabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo na kusomwa baada ya Misa: zilizoingia, zilizotumika, zilizobaki, na zilikokwenda. Mwaka ujao watu watakuja kwa sababu ya karatasi hiyo kuliko kwa sababu ya tangazo lolote.

Matokeo, zawadi na mwisho wa mbio

Tarehe 15 Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa kumpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde, wote wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Parokia haina kamera za namna ile, lakini haki inaweza kutendeka kwa kamba na kalamu. Baada ya mstari wa mwisho, kamba mbili zifanye njia nyembamba ambamo wakimbiaji hupita mmoja mmoja bila kupitana. Karani wa kwanza huandika muda wa kila anayevuka. Wa pili, mwishoni mwa kamba, huandika namba kwa mpangilio uleule. Orodha mbili zikiunganishwa, matokeo hupatikana. Awepo wa tatu anayeandika namba za wanaovuka kwa nyakati tofauti tofauti, kama ushahidi likitokea swali.

Zawadi za wanawake na wanaume ziwe sawa. Wenye viti mwendo waanze dakika chache kabla ya umati, kwa usalama wa wote. Medali ya kumaliza iwe ileile kwa wa kwanza na kwa wa mwisho.

Muda wa ukomo utangazwe wakati wa usajili. Mtu anayetembea kilometa 5 kwa saa atahitaji saa 2 kwa kilometa 10; basi barabara ilindwe kwa saa 2 na robo, na kibali kiombwe kwa muda huo. Nyuma ya wote waende watu wawili kwa miguu, wakiwa na simu na maji, na gari la kubeba waliochoka. Hakuna msimamizi wa njia panda anayeondoka kabla hawa wawili hawajampita. Wanapopita, wasimamizi hao huokota vikombe na chupa, na kijiji kinaachwa kikiwa safi kuliko kilivyokuwa.

Wiki moja baadaye kamati ikutane, iandike kilichokwenda vizuri na kilichopungua, na kuwaandikia barua za shukrani askari, majirani na waliojitolea. Isisahau kumwuliza mtu mmoja ambaye mara nyingi haulizwi: yule aliyefika wa mwisho. Aseme kama alikuta maji, kama alivukishwa barabara salama, na kama alimkuta mtu kwenye mstari akimsubiri. Majibu yake matatu yataieleza kamati kuliko ripoti ndefu. Parokia ikiyatumia kupanga mbio za mwaka unaofuata, wodi itapata vitanda vyake, na wale waliokimbia kwa ajili yake watarudi nyumbani salama.